Baiti nane ndani ya kerneli: usafishaji mdogo wa msimbo huokoa kumbukumbu lini, na lini hauokoi

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Nimesoma viraka vingi (mabadiliko ya msimbo yanayopendekezwa) vya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, ambavyo maelezo yake ni sentensi moja tu, kwamba kiraka kinapunguza matumizi ya kumbukumbu, na baadhi ya viraka vya namna hiyo nimeviandika mimi mwenyewe. Nafungua uzi huu kwa sababu naamini sentensi hiyo ni nzito kuliko tunavyoichukulia. Kumbukumbu inayoshikwa na kerneli haihamishiwi kwenye diski pale nafasi inapobana, tofauti na ile ya programu za kawaida, kwa hiyo kila baiti inayopotea humo imepotea mpaka aliyeishika aiachilie au mashine izimwe. Hata hivyo, baiti iliyopunguzwa kwenye msimbo si lazima iwe baiti iliyookolewa kwenye mashine, kwa maana katikati yake yupo mgawaji wa kumbukumbu, na mgawaji hukata kwa vipimo vyake, si kwa vyetu.

Swali la kwanza ninalojiuliza kabla ya kugusa chochote ni hili: kitu hiki kipo mara ngapi ndani ya mashine inayofanya kazi? Mfano ulio wazi kuliko yote ni `struct page`. Linux hugawa kumbukumbu katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096, na kwa kila ukurasa huweka muundo mmoja wa kuufuatilia. Kwenye mashine za biti 64 muundo huo kwa kawaida una baiti 64. Mashine yenye gigabaiti 16 ina kurasa 4,194,304, maana yake megabaiti 256 zimekwisha kutengwa kabla programu yoyote haijaanza. Mtu akiongeza humo kielekezi kimoja cha baiti 8 (uga unaobeba anwani ya kumbukumbu), mashine hiyo inatozwa megabaiti 32 zaidi. Ndiyo sababu ndani ya muundo huo nafasi ileile hutumiwa kwa kazi nyingi tofauti kupitia `union`, na ndiyo sababu wanaousimamia hukataa nyongeza ambazo kwingineko zingepita bila neno. Upande wa pili kuna muundo unaoeleza draiva, ambao kwa kawaida upo mmoja tu kwa mashine nzima. Ukiupunguza baiti 40 umeokoa baiti 40, na huenda hata hizo hujaziokoa, kwa sababu moduli hupewa kumbukumbu kwa kurasa nzima na kipande kinachobaki mwishoni mwa ukurasa wa mwisho hakimfai mtu mwingine.

Baada ya hesabu hiyo ndipo huangalia matundu. Kielekezi cha baiti 8 hutakiwa kuanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa 8, kwa hiyo kompaila ya C hujaza baiti tupu pale nyuga, yaani vipengele vya muundo, zilipopangwa bila kuzingatia ukubwa wake, na kanuni za lugha hiyo haziiruhusu kompaila kuzipanga upya kwa hiari yake. Tazameni muundo huu:

```
struct rekodi {
        char hali;
        void *data;
        char aina;
};
```

Data yake halisi ni baiti 10, lakini kwenye mashine ya biti 64 `sizeof` hutoa 24: baiti 1 ya hali, 7 tupu, 8 za kielekezi, 1 ya aina, kisha 7 tupu tena ili rekodi inayofuata kwenye safu ianzie mahali panapostahili. Ukikipandisha kielekezi juu, muundo unakuwa wa baiti 16. Anayesoma kiraka atadhani tumeokoa baiti 8, lakini `kmalloc`, fanksheni ya kerneli ya kuomba kumbukumbu, hugawa kwa mafungu ya ukubwa uliopangwa na haina fungu la 24. Mafungu yake kwenye x86-64 ni 8, 16, 32, 64, 96, 128, 192, 256 na kuendelea. Rekodi ya zamani ilikuwa ikikaa kwenye fungu la 32 na mpya inakaa kwenye la 16, hivyo faida ni maradufu ya ile inayoonekana. Sasa geuzeni mfano. Muundo wa baiti 120 ukipunguzwa hadi 104, baiti 16 nzima zimeondoka kwenye msimbo na hakuna hata moja iliyorudi kwa mashine, kwa kuwa ukubwa wote wawili huangukia fungu la 128.

Chombo cha kuyaona matundu haya ni `pahole`, kilichoandikwa na Arnaldo Carvalho de Melo. Husoma taarifa za utatuzi zilizomo ndani ya faili iliyokwisha kompailiwa, kisha huonyesha kila uga, mahali ulipoanzia, ukubwa wake, matundu yaliyopo na mipaka ya mistari ya kashe, yaani vipande ambavyo prosesa huvuta kumbukumbu kwavyo. Nawasihi tusikadirie kwa macho. Miundo ya kerneli imejaa `#ifdef`, masharti yanayoingiza au kuondoa nyuga kulingana na usanidi, na hata aina zinazoonekana ndogo hubadilika: `spinlock_t`, aina mojawapo ya kufuli, ina baiti 4 kwenye usanidi wa kawaida wa x86-64, lakini hukua mara nyingi zaidi ukaguzi wa makufuli ukiwashwa. Mpangilio ulioziba tundu kwenye kompyuta ya mwandishi unaweza kulifungua kwenye usanidi wa mwenzake.

Kwa miundo yenye hifadhi yake maalumu iliyotengenezwa kwa `kmem_cache_create`, mafungu ya `kmalloc` hayahusiki. Kinachohesabika ni vitu vingapi vinaingia kwenye slabu moja, yaani kipande cha kumbukumbu kinachokatwa vitu vya ukubwa mmoja. Ukurasa mmoja hubeba vitu 3 vya baiti 1,032, lakini hubeba vitu 4 vya baiti 1,024. Hapo baiti 8 zimeleta theluthi nzima ya nafasi. Kisha ukitoka 1,024 ukashuka hadi 824, bado ni vitu 4.

Niseme pia juu ya `const`, neno la C linalotangaza kwamba kitu hakibadilishwi, kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Kuiongeza kwenye jedwali la vielekezi vya fanksheni hulihamisha jedwali hilo kutoka sehemu ya data inayoandikika kwenda sehemu ya kusomwa tu. Amri ya `size` katika mtindo wake wa kawaida huijumlisha sehemu ya kusomwa tu pamoja na `text`, sehemu ya msimbo wenyewe, kwa hiyo utaona safu ya `data` imepungua na safu ya `text` imepanda kwa kiasi kilekile, huku jumla ikibaki palepale. Kiraka hicho ni chema, kwa maana mshambuliaji hawezi tena kuubadilisha kwa urahisi ule mlango wa fanksheni, lakini kwenye mashine ya kawaida hakijaokoa kumbukumbu na kisiandikwe kana kwamba kimeokoa. Hali hubadilika kwenye vifaa vidogo ambavyo kerneli hutekelezwa moja kwa moja kutoka kwenye hifadhi ya kudumu bila kunakiliwa kwenye RAM. Huko kilichowekwa `const` hubaki kule kule kwenye hifadhi, na RAM iliyookolewa ni ya kweli.

Kuna ndugu yake ambaye huokoa kila mahali. Safu ya maandishi iliyotangazwa ndani ya fanksheni bila `static` mara nyingi hujengwa upya kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya fanksheni) kila fanksheni inapoitwa, kielekezi kwa kielekezi, na maelekezo ya kuijenga yanakaa ndani ya msimbo. Ukiandika `static const char * const`, ujenzi huo unatoweka, msimbo unapungua na staki inapumua. Na staki ya kerneli si bahari: kwenye x86-64 ilikuwa kilobaiti 8 kwa kila uzi wa utekelezaji hadi mwaka 2014, ilipofanywa 16 katika toleo la 3.15. Ndiyo maana kazi ya kuondoa safu za ukubwa usiojulikana mapema, iliyokamilika katika toleo la 4.20 mwishoni mwa 2018, ilikuwa ya lazima ingawa sehemu kubwa yake ilikuwa mabadiliko mengi madogo yasiyovutia macho.

Alama za `__init` na `__initdata` sitazieleza kwa kirefu. Kinachohitajika wakati wa kuwaka tu hutengwa peke yake na kuachiliwa baadaye, nanyi mmekwisha kuona kwenye maandishi ya kuwaka ule mstari unaotangaza kilobaiti zilizorudishwa. Tahadhari ni moja: pasibaki kielekezi chochote kinachoelekea huko baada ya kuachiliwa. Wakati wa ujenzi `modpost`, chombo cha ukaguzi cha kerneli, hukamata marejeo mengi yasiyo halali, lakini anwani iliyohifadhiwa ndani ya muundo wakati wa utekelezaji haiioni.

Nakaribisha michango na masahihisho.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, shukrani kwa maelezo haya. Nina swali kuhusu jambo ambalo hukuligusa. Kwenye draiva ninayoitunza kuna muundo wenye nyuga tisa za aina ya `bool`, kila moja ikichukua baiti nzima ili kubeba ndiyo au hapana. Nilifikiria kuzigeuza zote kuwa nyuga za biti, yaani `unsigned int` yenye `:1`, ili baiti 9 ziwe neno moja la baiti 4. Je, huo si usafishaji rahisi kuliko wote ulioutaja?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, ni rahisi kuuandika, na ndio uliowahi kuniumiza kuliko mwingine wowote, kwa hiyo naomba nikujibu kwa urefu.

Prosesa haina namna ya kawaida ya kuandika biti moja kwenye kumbukumbu. Ili kubadilisha uga wa biti, kompaila huzalisha maelekezo ya kusoma neno zima, kubadilisha biti husika na kuliandika neno zima tena. Ikiwa prosesa mbili zinabadilisha biti mbili tofauti za neno hilohilo kwa wakati mmoja, moja husoma, ya pili husoma, ya kwanza huandika, na ya pili huandika juu yake ikirudisha thamani ya zamani ya biti ya mwenzake. Nyuga za `bool` zilizokuwa baiti tofauti hazikuwa na hatari hiyo kwenye mashine za leo, kwa maana kila moja iliandikwa peke yake. Mara tu unapoziunganisha, zote hazina budi kulindwa na kufuli moja, hata kama zamani kila moja ilikuwa na mlinzi wake au haikuhitaji mlinzi kabisa.

Mimi niliunganisha bendera mbili za namna hiyo. Moja ilikuwa ikibadilishwa na kishughulikiaji cha ukatizaji, yaani msimbo unaoitwa papo hapo kifaa kinapoita prosesa, nyingine ikibadilishwa na msimbo wa kawaida uliokuwa umeshika kufuli la `mutex`, na `mutex` haikizuii kishughulikiaji cha ukatizaji hata kidogo. Majaribio yote yalipita. Kisha kifaa kikaanza, mara chache sana, kushindwa kuamka baada ya kulala, kwa sababu taarifa iliyoandikwa na ukatizaji ilikuwa ikifutwa na mwandishi wa bendera ya jirani. Ilinichukua wiki kadhaa kulihusisha tatizo hilo na kiraka nilichokiita usafishaji, na nilipokiendea na `pahole` nikaona kwamba baada ya bendera zile palikuwa na tundu tangu mwanzo, kwa hiyo ukubwa wa muundo haukuwa umebadilika hata baiti moja. Watu waliotegemea kifaa kile walipata hasara bila yeyote kupata faida, na jambo hilo bado linanisumbua.

Hata pale mwandishi anapokuwa mwangalifu, uga wa biti humtegemea sana mtengenezaji wa kompaila. Mwaka 2012 ilibainika kwamba kompaila ya GCC, ikizalisha msimbo wa prosesa za ia64, ilikuwa ikisoma na kuandika baiti 8 kwa ajili ya uga wa biti uliotangazwa ndani ya neno la baiti 4, na katika mfumo wa mafaili wa btrfs baiti 4 za jirani zilikuwa ni `spinlock`. Kufuli lilikuwa likirudishwa kwenye hali ya zamani na mtu ambaye hakuligusa.

Kwa hiyo jibu langu kwa nyuga zako tisa ni hili. Orodhesha kwanza ni nani anayebadilisha kila moja na ameshika kufuli gani. Zile zinazowekwa mara moja wakati wa kuanzisha kifaa na kusomwa tu baadaye zinaweza kuunganishwa kwa usalama. Zinazobadilishwa wakati wowote ziache zilivyo, au uzihamishie kwenye neno moja la `unsigned long` na kutumia `set_bit` na `clear_bit`, ambazo hufanya kazi hiyo kwa namna isiyogawanyika. Lakini kabla ya hayo yote, tazama kama ukubwa wa mwisho utavuka mpaka wa fungu. Usipovuka, hakuna sababu ya kujitwisha hatari.

Mchangiaji wa tatu

Mwanzisha uzi, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila mfano wako wa baiti 1,032 unahitaji kusahihishwa, kwa sababu msomaji akiufuata atapotea.

Umehesabu kana kwamba slabu ni ukurasa mmoja. SLUB, mgawaji wa slabu wa kerneli, haifanyi hivyo kwa vitu vya ukubwa huo. Huchagua slabu ya kurasa kadhaa zinazofuatana, ili sehemu inayopotea mwishoni iwe ndogo na ili mgawaji asirudi kuomba kurasa mara kwa mara. Kwenye mashine nyingi utakuta slabu ya kurasa 8, yaani baiti 32,768. Humo vinaingia vitu 31 vya baiti 1,032 na vitu 32 vya baiti 1,024, kwa hiyo ile theluthi uliyoitaja inakuwa takriban asilimia 3. Kinyume chake, kushuka kutoka 1,024 hadi 824, ambako ulisema hakuna faida, kunatoa vitu 39 badala ya 32. Hitimisho limegeuka juu chini. Jambo hili lina uzito zaidi sasa kwa sababu SLUB ndiyo pekee iliyobaki kati ya wagawaji wa slabu: SLOB iliondolewa katika toleo la 6.4 mwaka 2023, na SLAB ikaondolewa katika toleo la 6.8 mwaka 2024.

Jambo la pili ni ile orodha yako ya mafungu ya `kmalloc`. Umesema wazi kwamba ni ya x86-64, na umefanya vyema, lakini wengi wetu tunaandika draiva za arm64. Huko, kwa miaka mingi, fungu dogo kuliko yote lilikuwa la baiti 128, kwa kuwa kumbukumbu yoyote ya `kmalloc` ingeweza kutumiwa na kifaa kwa DMA (kifaa kusoma na kuandika kumbukumbu bila kupitia prosesa) na ilibidi isichangie mstari wa kashe na jirani yake. Rekodi yako ya baiti 24 na ile ya baiti 16 zote zilikuwa zikichukua 128, na kiraka chako kisingeokoa kitu. Mafungu madogo yaliwezekana huko kuanzia toleo la 6.5 la mwaka 2023.

Mwanzisha uzi

Umenisahihisha ipasavyo, nami nashukuru. Nilirahisisha hesabu ya slabu kupita kiasi, na kosa hilo ni baya kwa sababu linagusa hoja yenyewe niliyotaka kuitetea, kwamba tusiandike faida ambayo hatujaipima. Wasomaji wachukue hesabu ya mchangiaji wa tatu na kuiacha yangu.

Njia ya kujua badala ya kukadiria ni kufungua `/proc/slabinfo`, ambamo kila hifadhi imeandikiwa ukubwa wa kitu kimoja, idadi ya vitu kwa slabu na idadi ya kurasa kwa slabu. Tahadhari ni kwamba SLUB huunganisha hifadhi zenye ukubwa na sifa zinazofanana, kwa hiyo muundo wako unaweza kukosekana kwenye orodha kwa jina lake, au hesabu unayoisoma ikawa imechanganyika na ya watu wengine. Wakati wa kupima, washa mashine kwa kigezo cha `slab_nomerge` ili kila hifadhi isimame peke yake.

Mchangiaji wa nne

Wakuu, mimi hupokea viraka vya sehemu moja ndogo ya kerneli, na ningependa upande wetu nao usikike. Kila kiraka kinachopanga upya nyuga ni lazima nikisome kwa makini kama kiraka kingine chochote, kinaficha historia ya mistari ninapotafuta chanzo cha hitilafu, na hukwamisha masahihisho yanayopaswa kurudishwa kwenye matoleo ya zamani. Zaidi ya hayo, mpangilio unaoonekana wa ovyo mara nyingine ni wa makusudi. Kuna nyuga zilizotenganishwa ili prosesa moja inayoandika kihesabu isiuharibu mstari wa kashe ambao prosesa nyingine zote zinausoma. Mtu akija na `pahole`, akaziba tundu na kuziweka pamoja, muundo unapungua baiti 8 na mashine yenye prosesa nyingi inapungua kasi.

Je, mnashauri nivikatae vyote?

Mwanzisha uzi

Hapana mkuu, ila nashauri uvidai ushahidi, na ningependa sisi tunaovituma tuuweke kabla hujaudai.

Hoja yako ya mistari ya kashe ni ya kweli kabisa. `struct dentry`, ambao upo kwa kila jina la faili lililokumbukwa na kerneli na huweza kufikia mamilioni kwenye seva, umepangwa kwa makusudi uwe na baiti 192 kwenye mashine za biti 64, yaani mistari 3 ya baiti 64, na nyuga zinazohitajika wakati wa kutafuta jina zimewekwa karibu karibu. Muundo kama huo hauguswi kwa sababu ya tundu. Unaguswa na mtu aliyepima kasi kabla na baada.

Kiraka ninachoona kinastahili muda wako kingekuja na matokeo ya `pahole` ya kabla na ya baada kwa usanidi uliotajwa, na maelezo ya mahali muundo unapogawiwa, kama ni kwa `kmalloc` au kwa hifadhi maalumu, na unatoka fungu gani kwenda lipi. Kingetaja pia idadi ya vitu vilivyohesabiwa kwenye mashine inayofanya kazi halisi. Ikiwa kinahusu msimbo na si miundo, kingekuja na matokeo ya `bloat-o-meter`, ile hati ya Matt Mackall iliyomo kwenye saraka ya `scripts`, ambayo hulinganisha kerneli mbili na kutaja fanksheni zilizokua na zilizopungua moja moja. Nikichukua mfano wa muundo wa baiti 136 wenye tundu mbili za baiti 4, maelezo yangekuwa mafupi: kwa kuhamisha uga mmoja, muundo umekuwa wa baiti 128, umetoka fungu la 192 kwenda la 128, kila muunganisho unaofunguliwa unaokoa baiti 64, na mpangilio mpya hauugusi mstari wa kashe unaoandikwa mara kwa mara.

Kiraka chenye maneno hayo utakisoma kwa dakika chache na utajua la kufanya nacho. Kisicho nayo kirudishe kwa mwandishi umwombe namba, nami nikiwa mwandishi huyo nitazileta.